Kifua kikuu kisichokohoa

“Unakohoa, mama?”

“Sikohoi, mwanangu.”

Jibu hilo huwapoteza wengi wodini. Mama wa namna hii homa yake haishuki, kila alfajiri shuka limelowa jasho, na kitenge kilichomtosha mzunguko mmoja sasa kinamzunguka mara mbili. Malaria haikuonekana. Dawa za taifodi amemaliza. Anaishi na VVU, na dawa za kufubaza virusi amekuwa akiziacha na kuzirudia. Kwa kuwa hana makohozi ya kupima, kifua kikuu kinawekwa kando.

Jina la ugonjwa huu linatudanganya. Kinga ikiwa imara, mwili huwazingira bakteria ndani ya mapafu, na vita hiyo ndiyo hutafuna mapafu na kuleta kikohozi. Kinga iliyochakaa haiwezi kuwazingira. Bakteria hupenya kwenye damu, nayo huwasambaza hadi kwenye ini, wengu, figo, uboho, hata utando wa ubongo. Mtu anaungua mwili mzima ilhali kifua kimetulia.

Mwaka 1995, watafiti walipima damu ya watu wazima 517 waliolazwa na homa katika hospitali moja jijini Dar es Salaam. Zaidi ya nusu walikuwa na VVU. Katika damu hiyo, bakteria aliyeongoza alikuwa wa kifua kikuu. Lakini kuwaotesha maabara huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa aliyefikia hapo mara nyingi hana wiki hizo.

Ndiyo maana mkojo una thamani. Vipande vya ganda la bakteria hutoka humo, na kipimo cha LAM huvinasa. Muuguzi hudondosha mkojo kidogo juu ya kijikaratasi kinachofanana na cha kupimia ujauzito, husubiri dakika 25, kisha hutazama kama mstari umejitokeza. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa hospitali 10 za Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini: pale kipimo hiki kilipotumika, waliofariki ndani ya wiki nane walikuwa 21 katika kila 100, pasipotumika, 25. Hao wanne ni mama zetu na kaka zetu.

Mstari usipojitokeza, msiridhike: kipimo hiki huwakosa baadhi ya wagonjwa, na daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili anazoziona. Tiba ipo, kwa kawaida huchukua miezi sita, na inaponya ikianza mapema. Kwa mwenye VVU ambaye bado hajaugua, ngao ni kutoruka dawa zake na kumeza dawa kinga ya kifua kikuu anapopewa kliniki.

Nawe unayemuuguza ndugu yako mwenye VVU, ukiona homa, jasho la usiku na mwili unaokwisha, usisubiri kikohozi. Muulize daktari leo hii: “Mkojo wake umepimwa kifua kikuu?”