Vito vya Fayansi vya Misri ya Kale na Tumaini la Wafu

Tunapokisoma Kitabu cha Kutoka, wengi wetu huiona Misri kwa upande mmoja tu: Farao, matofali na mapigo. Katika makala hii fupi tunakusudia kueleza habari za vito vya fayansi, vinavyohifadhiwa leo katika makumbusho mengi, ili tuwafahamu vema zaidi watu waliovitengeneza.

Fayansi si udongo wa mfinyanzi, wala si jiwe la thamani. Mafundi walisaga mchanga au mawe ya kwatzi, wakachanganya na chokaa kidogo, magadi au majivu ya mimea, na shaba ya kutia rangi. Kito kilipokauka, chumvi zilipanda juu. Kilipochomwa tanuruni, ziliyeyuka zikawa utando wa kioo wa buluu au kijani. Wamisri waliita kitu hicho tjehenet, yaani king'aacho. Rangi yake iliwakumbusha maji, mimea ichipuayo na uhai unaorudi. Walikivaa wafalme, na watu wa kawaida pia.

Hebu tumtazame mtu mmoja. Wah alikuwa msimamizi wa mali za Meketre, afisa mkuu wa mfalme huko Thebes, karibu miaka 1980 kabla ya Kristo. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1920, na maiti yake ikapelekwa katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kilichokuwamo ndani ya sanda. Picha za eksirei zikaonyesha vito, na mwaka 1940 sanda ikafunguliwa. Miongoni mwa vito hivyo kilikuwamo kidani kipana cha shanga za fayansi.

Apitaye mbele ya kabati la makumbusho huona pambo. Lakini waliomzika Wah walikifunika kidani hicho kwa sanda nyingi, kisionekane na jicho lo lote. Basi hakikuwa urembo wa kutazamwa. Kilikuwa ungamo la tumaini.

Sisi tusimamao makaburini hatuwezi kulidharau ungamo hilo. Tumaini letu halikai katika ushanga, bali kwake Yeye aliyefufuka. Hata hivyo, huzuni iliyokiweka kidani kile twaijua. Tena tukumbuke kwamba elimu hii tumeipata kwa kufunguliwa sanda ya marehemu. Kwa hiyo tunapoitumia darasani au mimbarani, tumtaje kwa heshima ile ile tunayowapa wafu wetu.