Kabla ya Kuuza Yogati Bwenini, Pitia Maabara

Msomaji, huenda una mtoto katika chuo kikuu, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi. Basi unafahamu jinsi pesa za mkopo wa HELB zinavyokatika kabla muhula haujafika katikati. Ndiyo sababu ukipita mabwenini jioni utamkuta huyu akiuza mandazi, yule keki, na mwingine yogati aliyoitia katika chupa zilizokwisha kutumika.

Vyuo vyetu vimeanza kuwashika mkono vijana hawa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina Kituo cha Chandaria cha kulea biashara changa, Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, na Strathmore kina iBizAfrica. Katika vituo vya aina hii mwanafunzi hufunzwa kupanga biashara yake na kutafuta mtaji. Hayo ni mema. Lakini anayeuza chakula anahitaji msaada mwingine kutoka kwa chuo, nao aghalabu hauombi: maabara, jiko safi na zahanati. Mshona fulana akikosea, mteja hurudisha fulana. Muuza maziwa akikosea, ghorofa nzima hupiga foleni chooni usiku wa kuamkia mtihani.

Tuanze na hiyo yogati. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na vya bruselosi, ugonjwa wa homa za kuja na kwenda na maumivu ya viungo ambao wengi huudhania kuwa malaria. Ili kuviua, maziwa hupashwa joto la nyuzi 63 kwa muda wa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kisha huachwa yapoe hadi nyuzi 42 au 45 hivi, ndipo hutiwa bakteria wa kuyagandisha. Je, utayajua hayo kwa kuchovya kidole? Kipimajoto ni lazima. Yogati ikishaganda nayo yataka jokofu. Ndoo ya maji baridi chini ya kitanda haitoshi.

Elimu hii imo papo hapo chuoni. Egerton kule Njoro wana idara ya maziwa na chakula, Jomo Kenyatta kule Juja wanafundisha sayansi ya chakula, na Nairobi vilevile katika bewa lao la Kabete. Ikiwa chuo chako kina idara kama hiyo, bisha mlango hata kama wewe wasomea sheria. Mhadhiri atakayekukaripia leo kwa sababu ya chupa chafu atakuwa amekuokolea wateja wengi.

Wanaosaga siagi ya njugu wana hatari ya namna nyingine. Njugu zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani. 125 kati yao walifariki. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi sumu hii. Chambua njugu moja moja, utupe zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu, kisha upeleke sampuli ikapimwe. Kiwango kinachokubaliwa nchini hakizidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukadiria hayo.

Na wewe unayeoka keki chumbani kwa jiko la makaa huku umefunga dirisha ili mlinzi wa bweni asisikie harufu! Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi, naye asiamke tena. Wenye bweni hawakukosea kupiga marufuku upishi vyumbani. Afadhali mwandikie msimamizi wa jiko la chuo, ukiomba saa mbili za kutumia oveni baada ya chakula cha mchana.

Sheria nayo yamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya, na apimwe upya kila baada ya miezi sita. Sababu ni kwamba mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo huku akiwa mzima kabisa. Uliza katika zahanati ya chuo. Wasipotoa cheti hicho, nenda katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti. Ukiwa na kidonda kidoleni, usikande unga siku hiyo, kwani sumu ya vijidudu vya usaha huweza kubaki katika chakula hata kikipikwa baadaye.

Ukitaka bidhaa zako zifike madukani nje ya bewa, utahitaji pia alama ya ubora ya KEBS, na huko majibu ya maabara yatakufaa. Omba nafasi ya maabara mapema muhula unapoanza, kabla wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawajaijaza kwa miradi yao.