Mashine ya Kukatia Vipande Vyembamba

Wasikilizaji wetu wamekwisha kusikia habari za hadubini, chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Lakini hadubini peke yake haitoshi. Ukiweka chini yake mzizi mzima utaona giza tu, maana nuru haipenyi. Sharti mzizi ukatwe vipande vyembamba mno, ndipo nuru ipite na kuonyesha chembe zilizoujenga.

Zamani wataalamu walikata kwa wembe na mkono. Hata mkono hodari ulitoa kipande hiki kinene na hiki chembamba, na vingine vilipotea. Kupotea huko ndiko kulikokuwa hasara kubwa: kitabu kilichong'olewa kurasa hakisomeki.

Mwaka 1881, katika mji wa Cambridge, Uingereza, Horace Darwin na mwenziwe Albert Dew-Smith walianzisha kampuni ya kutengeneza vyombo vya elimu. Horace alikuwa mwana wa Charles Darwin, yule mchunguzi mashuhuri wa mimea na wanyama. Lakini yeye mwenyewe alipenda ufundi wa mitambo. Mwaka 1885 alibuni mashine ya kukatia, ambayo kampuni iliiuza kwa miaka mingi, hata ndani ya karne ya 20.

Kazi yake ni hivi. Kwanza kipande cha mmea au cha mnyama hutiwa katika nta iliyoyeyushwa, nayo ikipoa hukishika imara. Kisha hufungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma, mbele ya wembe usiosogea. Mtu akivuta kamba, mkono huinuka. Akilegeza, springi huurudisha chini kwa nguvu, na wembe hukata. Kila mara parafujo husukuma nta mbele kidogo sana, labda sehemu ya mia ya milimita moja. Basi unene haupimwi tena na jicho la mkataji, bali na parafujo. Kwa mti mgumu mashine hii haikufaa. Ilitaka vitu laini.

Na tazama jambo hili, ambalo sisi twaliona kuwa bora kuliko yote: ukingo wa nta wa kipande kimoja hushikamana na wa kile kinachofuata, hata vikatoka mfululizo kama utepe. Utepe huo hulazwa juu ya kioo, nta ikaondolewa, na mtaalamu huvitazama kwa zamu, cha kwanza hata cha mwisho, akijua mfereji wa maji ndani ya mzizi waanzia wapi, na wapi wagawanyika.