Kitu na Habari Zake: Somo la Kuhifadhi Urithi

Walimu-wanafunzi wengi wanapofundisha urithi wa utamaduni huanza na magofu ya mbali. Sisi twapendekeza waanze nyumbani. Mathalani, mtoto wa Nyegezi aweza kuchunguza kibuyu cha kusukia maziwa kilichomo jikoni mwa bibi yake. Chaitwaje kwa Kisukuma? Nani alikitengeneza, na wapi? Kilitumiwaje? Kimefikaje kwa mwenyewe wa sasa? Majibu yaandikwe katika kadi siku hiyo hiyo, pamoja na jina la msimulizi.

Kadi hiyo ndiyo kiini cha somo. Kibuyu chaweza kudumu baada ya bibi kufariki, lakini habari zisizoandikwa huzikwa naye, na vizazi vijavyo hurithi chombo kisichosema neno.

Baada ya hapo darasa lizuru Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza. Huko Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akisaidiana na wenyeji, alikusanya ngoma, viti vya enzi vya watemi na zana za kazi. Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa mwaka 1968. Wanafunzi walinganishe kadi zao na maelezo watakayoyakuta.

Bila shaka watauliza kama elimu hii huleta kazi. Mhifadhi wa makumbusho huandikisha kila kitu kinachopokelewa. Fundi wa uhifadhi hupambana na mchwa na unyevu. Mtunza nyaraka hulinda maandishi. Mwanaakiolojia huandika mahali kigae kilipolala kabla ya kukiinua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Tusiwadanganye watoto: nafasi hizi si nyingi. Hata hivyo, ustadi wa kuuliza kwa adabu na kuandika kwa usahihi utawafaa katika kazi yoyote.

Mwalimu azingatie mambo matatu. Kwanza, vitu visisuguliwe, kwa kuwa masizi na mafuta ni ushahidi wa matumizi. Pili, watoto wasichimbue ardhi kutafuta vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali. Tatu, mzee akikataa kitu chake kionyeshwe, akubaliwe, kwani urithi huo ni wake kwanza.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kadi, kalamu, na mwalimu asiyengoja, maana wazee nao hawatungoji.