Maneno Madogo ya Kiingereza na Kazi Yake Kubwa

Mwanafunzi wa Kiingereza aghalabu huogopa maneno makubwa: hutaabika kwa majina marefu ya sayansi na siasa, huyaandika pembezoni mwa daftari lake, huyakariri usiku kwa mwanga wa taa, wala hatambui kuwa yale yatakayomwaibisha asubuhi mbele ya mwalimu ni maneno ya herufi mbili tatu ambayo hajapata kuyatazama mara mbili. Makosa mengi niliyokuta katika madaftari niliyosahihisha yalitokana na maneno hayo madogo, na kwa hiyo nimeona vema leo kuyaeleza.

Maneno hayo ni makundi mawili. La kwanza ni viwakilishi, yaani maneno yasimamayo mahali pa jina, kama “he”, “she”, “it”, “they” na “who”. La pili ni viunganishi, kama “and”, “but”, “because” na “although”, ambavyo kazi yake ni kuunga kishazi na kishazi. Na kishazi ni fungu la maneno lenye kitenzi chake. Makundi haya mawili hushirikiana: kiunganishi hueleza uhusiano baina ya habari mbili, na kiwakilishi huikumbusha habari ya pili nani au nini alitajwa katika ile ya kwanza.

Tuanze na viwakilishi, kwa mfano mmoja mwepesi. Mwingereza husema, “The car hit the tree and it fell.” Je, kilichoanguka ni gari au ni mti? Sentensi yenyewe haisemi, kwa kuwa “it” ni moja kwa vyote viwili, na msikilizaji huachiwa akili yake akate shauri. Kwetu sisi shaka hiyo haipo. Tukisema “Gari liligonga mti, ukaanguka”, mti ndio ulioanguka. Tukisema “likaanguka”, ni gari. Na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi imekwisha kutoa hukumu.

Kiingereza hakikuwa hivi tangu asili. Kabla ya Wanormandi kuishika Uingereza mwaka 1066, majina ya lugha hiyo yaligawanyika katika jinsi tatu, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike, na maneno yaliyofuatana na jina yalibadili miisho yake kulitii. Miisho hiyo ilidhoofika, kisha ikatoweka, na ikabaki tofauti ya “he”, “she” na “it”, nayo ni ya mmoja tu. Wakiwa wengi wote ni “they”. Hata hilo “they” halikuzaliwa katika Kiingereza, bali lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki ya nchi ile, na wanazuoni wengi husema lilipokelewa kwa sababu viwakilishi vya kale vya yeye na wao vilikuwa vimekaribiana mno kwa sauti hata vikachanganyikana masikioni. Lugha iliyopoteza upatanisho wa maneno haikuwa na budi kutafuta njia nyingine ya kuepa utata. Msemaji wetu naye hupata taabu iliyo kinyume: kwa kuwa “a” yetu ya “anakuja” haibagui mwanamume na mwanamke, yeye humwita mama yake “he”, na wasikilizaji wakacheka.

Viwakilishi virejeshi vina mtego wake pia. “Who” ni ya watu, “which” ni ya vitu na wanyama, na “that” hutumika kwa wote, ingawa mpaka huo haukuwa imara siku zote: katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, Sala ya Bwana inamtaja Mungu mwenyewe kwa “which”. Mwanafunzi wetu hujifunza maneno hayo matatu upesi, kisha huandika, “The book which I bought it is lost.” Kosa lake lina asili njema. Kiswahili humruhusu kusema “kitabu nilichokinunua”, ambamo “cho” hurejea kwenye kitabu na “ki” hukitaja tena. Lakini katika Kiingereza “which” imekwisha kushika mahali pa kitabu, na “it” ni mgeni aliyeketi juu ya kiti chenye mwenyewe.

Fauka ya hayo, Mwingereza akizungumza hupenda kukiacha kirejeshi. Husema “the man I saw”, yaani mtu niliyemwona, bila ya “whom” wala “that”. Ruhusa hiyo ina mpaka: kirejeshi chaweza kuachwa kikiwakilisha mtendwa, lakini kikiwakilisha mtenda hakiachwi, na asemaye “The man came yesterday is my uncle” amebomoa nyumba kwa kung'oa nguzo moja.

Sasa tuje kwenye viunganishi. Sisi husema, “Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda”, na hapana anayetulaumu. Mwanafunzi huihamisha sentensi hiyo kama ilivyo: “Although it rained, but we went.” Katika Kiingereza sanifu kiungo kimoja hutosha baina ya vishazi viwili; akichagua “although” aache “but”, na akichagua “but” aache “although”. Kadhalika “because” haifuatwi na “so”.

Mashaka makubwa zaidi hutokea pale ambapo Kiswahili hakitumii kiunganishi kabisa. “Aliingia, akaketi, akanywa kahawa”: silabi “ka” imeunga vitendo vitatu kwa taratibu yake. Mwingereza husema, “He came in, sat down and drank coffee”. “He” moja yatosha kwa vitenzi vyote, na “and” husubiri hata kabla ya kitenzi cha mwisho. Vilevile “Ukimwona, mwambie” yaweza kuwa kwetu habari ya hakika au ya shaka, lakini Kiingereza humlazimisha msemaji achague: “when” akitumaini kuwa mtaonana, “if” akiwa hana yakini. Barua iliyoandikwa “if you arrive” kwa mgeni anayengojewa kwa hamu humfanya mgeni yule adhani wenyeji wake hawamtumaini.

Alhasili, tofauti ya lugha hizi mbili yafanana na tofauti ya vyombo viwili vya bahari. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizopita ndani ya mbao zenyewe. Ndivyo Kiswahili kinavyoshona vishazi kwa “ka”, “ki” na “ye” zilizomo ndani ya kitenzi. Kiingereza ni chombo cha misumari: viungo vyake vimesimama nje ya kitenzi, kila kimoja peke yake, na ukiuacha mmoja au ukigongelea miwili mahali pa mmoja, maji huingia. Nasi hatukukosa misumari, kwani “lakini”, “au”, “bali”, “wala” na “hata” tulivipokea kutoka kwa Waarabu, kama Waingereza walivyounda “because” kwa kuunga neno lao “by” na neno la Kifaransa lenye maana ya sababu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukitaka kukijua Kiingereza, iweke kando kwa muda orodha yako ya maneno makubwa. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti la lugha hiyo kila siku, upige mstari chini ya kila “it”, “they” na “who”, uulize kila moja ni mwakilishi wa nani. Kisha uzungushie duara kila “but”, “if” na “although”, useme kwa Kiswahili ni uhusiano gani umefungwa hapo. Ukishindwa kulijibu swali la neno moja, usiendelee na sentensi ya pili mpaka umelijibu.