Mbao Katika Ukuta wa Jirani



Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) amemkataza jirani kumzuia jirani mwenziwe kutia mti katika ukuta wake. Wanazuoni wamekhitalifiana juu yake. Imamu Ahmad bin Hanbal ameiona kuwa ni wajibu, maadamu ukuta haudhuriki. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu pwani, katika kauli yake ya mwisho ameiona kuwa ni jambo lipendezalo, na idhini ya mwenye ukuta haina budi kutafutwa. Kauli zote mbili zakutana hapa: ukuta usidhuriwe.

Tulichukue jambo hili mtaa wa Kibomet, mjini Kitale. Mama ana bustani ya sukuma wiki na dania, naye ataka lango la mbao ili apate sitara na watoto wasitoke barabarani. Upande wa kulishikizia lango ni ukuta wa matofali wa jirani. Aanze kwa kubisha hodi, kabla fundi hajashika keekee.

Idhini ikipatikana, kazi na ifanywe kwa uaminifu. Bawaba zisipigiliwe moja kwa moja kwenye matofali. Lango linapolala juu ya bawaba, ile ya juu huvutwa nje na ile ya chini husukumwa ndani. Misumari mifupi haistahimili, na lango huja kumwangukia mtoto anayelibembea. Kwanza uwekwe mwimo wa mbao kavu ya inchi 4 kwa 2, usimamishwe kwa timazi, ufungwe ukutani kwa bolti tatu au nne, ya juu na ya chini zikiwa kiasi cha sentimita 15 kutoka nchani. Matundu yatobolewe katikati ya tofali, wala si ukingoni mwake, kwani hapo hupasuka. Tofali likiwa laini na kumumunyuka, fundi achonge tundu kwa tindo, atie vyuma vyenye mikia iliyopanuliwa, avijengee kwa saruji, kisha alinyunyizie maji na kulisubiri siku saba. Mguu wa mwimo usiguse udongo, mchwa wasije wakaupanda.

Bawaba hufungwa kwenye mwimo huo. Nyuma ya lango pawe na mbao ya mshazari, ianzie chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo. Ikiwekwa kinyume, lango hulegea. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na mvua zake kwa kawaida huanza Machi au Aprili zikaendelea hadi Oktoba. Mbao hufura. Basi iachwe nafasi ya sentimita moja kila upande na tano chini, na ncha za mbao zipakwe rangi, kwa kuwa ndizo zinywazo maji zaidi. Lango lifunguke kwa ndani. Njia ni haki ya wapitao. Kila mwaka, kabla ya mvua, bolti zikazwe: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na jirani akikataa? Pasiwe na ugomvi wala kununiana. Simamisha nguzo katika kiwanja chako, uizamishe futi mbili ardhini kwa zege, na ukuta wake uuache salama. Gharama itazidi kidogo, lakini utaendelea kumpelekea sahani ya futari, naye ataendelea kukujulia hali.

Nawe uliye na ukuta, ukiombwa, kumbuka hadithi tuliyoanza nayo, na uwe mwepesi wa kukubali.

Wabillahi tawfiq.