Mahindi Hayakutoka kwa Wahindi



Mwezi huu tukiwa kwenye foleni ya unga, mtoto mmoja alituuliza: "Kwa nini yanaitwa mahindi? Yametoka kwa Wahindi?" Sisi wakubwa tukacheka, lakini hakuna aliyemjibu. Tumeona tumjibu hapa.

Hapana, mwanetu. Mahindi yametoka bara la Amerika. Kusini mwa Mexico kuna jani la porini liitwalo teosinte, kisuke chake hakifiki hata urefu wa kidole. Miaka kama 9,000 iliyopita wenyeji wa huko walianza kuchagua mbegu nzuri na kupanda tena na tena, mpaka wakapata mahindi. Muhogo nao ni wa wenyeji wa Amazon. Kwa hiyo hata sombe yetu, tunayodhani ni ya Kongo tangu Adamu, mmea wake ulivuka bahari! Wareno ndio walioleta Afrika mahindi na muhogo, miaka ya 1500.

Wako wanaosema Wazungu walikuta kule pori tupu. Si kweli. Karibu na mto Mississippi kulikuwa na mji wa Cahokia, wenye watu zaidi ya 10,000, miaka 900 iliyopita. Kaskazini, Wahaudenosaunee walipanda mahindi, maharage na maboga pamoja: haragwe linapanda juu ya bua, boga linafunika udongo. Na mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake. Mama zetu kilimo hicho wanakijua bila kwenda semina.

Tarehe 12 Oktoba 1492 akafika Columbus. Yeye alidhani amefika pande za India, basi wale Wataino aliowakuta akawaita Wahindi. Alikosea, lakini jina likashika. Mpaka leo vitabu vyetu vinaandika "Wahindi Wekundu". Wataino wenyewe, wengi mno walikufa kwa utumwa na magonjwa. Ndui iliingia kisiwani kwao mwishoni mwa 1518.

Waingereza walijenga Jamestown, Virginia, mwaka 1607, kwenye nchi ya Wapowhatan. Kulima kuliwashinda, wakala mahindi ya wenyeji, mara kwa kubadilishana vitu, mara kwa nguvu. Wenyeji walipowafungia njia, majira ya baridi ya 1609 hadi 1610, wengi wao walikufa kwa njaa.

Sasa tufike kwa ndugu zetu. Agosti 1619 meli White Lion ilitua Virginia na watu weusi ishirini na kitu. Walikuwa watu wa Angola, wengi wao wa ufalme wa Ndongo, ambao Wareno waliushambulia pamoja na wapiganaji Waimbangala. Lugha yao ilikuwa Kimbundu, na mtu kwao ni "mutu". Mmesikia? Huko Luanda walipakiwa watu kama 350 kwenye meli ya Kireno ya kwenda Mexico. Njiani wanyang'anyi wa Kiingereza wa meli mbili wakaivamia na kuwachukua baadhi yao. White Lion ilikuwa moja ya hizo mbili. Ya pili, Treasurer, ilifika siku chache baadaye.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 yumo mwanamke aliyekuja na Treasurer, akikaa nyumbani kwa kapteni William Pierce. Wameandika "Angelo", ambalo ni jina la mwanamume. Siku hizi wanahistoria humwita Angela. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Hapo tulinyamaza kidogo. Wangapi kati yetu wana kadi yenye jina lililokosewa siku ya kwanza, na kila ukienda kulirekebisha unaambiwa rudi wiki ijayo? Kuna mama hapa jirani anaitikia jina la kadi, maana akiliacha anakosa unga. Watoto wake wameanza kuliandika hivyo hivyo shuleni.

Basi mwanetu, ndiyo habari ya mahindi. Warundi wanayaita ibigori, wasema Lingala masangu. Wazee mnaojua yanavyoitwa kikwenu, leteni majina hayo kwetu, na hadithi zake kama zipo, tuyaandike katika toleo lijalo. Tutawasomea kwanza kabla ya kuchapa, mhakikishe hatukukosea.